Kijana Aliyeyumba Chini ya Koitobos: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Mlima Elgon

Watu sita walipanda Mlima Elgon wikendi moja ya Januari, watano kati yao wakitokea Kisumu. Hawakufika kilele cha Koitobos. Waligeuka wakiwa wamebakiza kama mita mia mbili za kupanda, wawili wakimshika mikono mwenzao ambaye miguu yake ilikuwa haimtii tena. Mwenzao huyo ndiye aliyekuwa na pumzi kuliko wote: winga wa timu ya mtaani, kijana wa kukimbia kando ya ziwa kila alfajiri kabla ya kazi. Tangu warudi, maneno yamekuwa mengi. Wengine wanasema ilikuwa malaria. Wengine wanasema hakula vizuri. Na wapo wanaosema kundi liliogopa bure, kwamba kijana angepumzishwa kidogo wote wangefika juu.

Mwenyekiti wa kundi aliniomba nikipitie kisa hiki kwa sababu huwa nafundisha huduma ya kwanza kwa wapanda milima. Nimezungumza na wote sita, pamoja na dereva, na nimeona ratiba waliyokuwa wametumiana kwenye simu. Maoni yangu nayatoa mapema: kijana yule aliugua ugonjwa wa mwinuko kwa sababu ya mahali alipolala, na mahali hapo palichaguliwa Kisumu, wiki kadhaa kabla, na watu waliokuwa wakihesabu saa za gari bila kuhesabu mwinuko. Mengine yote yaliyotokea mlimani yalikuwa ni kujaribu kurekebisha ratiba ile.

Safari yenyewe ilikuwa hivi. Waliondoka Kisumu Jumamosi saa kumi na moja alfajiri kwa Landkruza ya kukodi, wakapita Kakamega na Webuye, wakafika Kitale saa nne. Hapo wakamchukua mwenzao wa sita, mwalimu ambaye alikuwa kwao Iten tangu Krismasi. Wakapita Endebess, wakaingia hifadhini kwa lango la Chorlim mnamo saa sita, wakachukua askari wa KWS, Shirika la Wanyamapori la Kenya, wa kuwasindikiza kwa sababu ya tembo na nyati. Waliangalia pango la Kitum kwa haraka, lile ambalo tembo huingia usiku kulamba chumvi ukutani, kisha wakapanda na gari katikati ya miti ya podo na mitarakwa, wakapita mianzi, hadi barabara ilipoishia kwenye uwanda wa nyasi na vichaka, kwenye mwinuko wa kama mita 3,500. Saa kumi jioni mahema yalikuwa yamesimama.

Kisumu iko kwenye mita 1,131 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo katika saa kumi na moja watu hawa walipandishwa karibu mita 2,400, na hakuna aliyetoa jasho. Hapa ndipo mlima kama Elgon unapowadanganya watu wema. Ungepanda kwa miguu kutoka chini, ingekuchukua siku mbili au tatu, na mwili ungekuwa unajirekebisha njiani. Gari limeziondoa siku hizo.

Watu wengi hudhani kwamba juu ya mlima oksijeni huwa sehemu ndogo zaidi ya hewa. Sehemu yake haibadiliki, ni asilimia 21 pale ufukwe wa Dunga, Kisumu, na asilimia 21 kileleni. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa nzima, kwa hiyo kila pumzi inaingiza hewa kidogo zaidi. Kwenye mita 3,500 kila pumzi huwa na oksijeni pungufu kwa takriban robo ukilinganisha na Kisumu. Kwenye kilele cha Koitobos, mita 4,222, upungufu unakaribia thuluthi moja. Mwili unajua kukabiliana na hali hiyo: hupumua haraka zaidi, figo hurekebisha kemia ya damu ili kupumua huko kusizuiwe, na baadaye chembe nyekundu huongezeka. Lakini marekebisho ya mwanzo huchukua siku kadhaa, na mazoezi ya uwanjani hayaharakishi hata moja kati ya hayo. Winga mwenye mapafu mazuri anaweza kuugua kabla ya mtu wa ofisini. Mara nyingi huyo mwenye nguvu ndiye yuko hatarini zaidi, kwa sababu anaweza kujilazimisha kwenda wakati mwenzake dhaifu ameshakaa chini.

Saa mbili usiku kijana alikataa ugali. Alisema kichwa kinamgonga na anataka kulala tu. Saa tano alitoka hemani akatapika. Katika kundi alikuwepo dada mmoja muuguzi, naye alikuwa amebeba kile kipimo kidogo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni, ambacho watu wengi walikijua wakati wa Korona. Kilisoma 79, yaani asilimia ya oksijeni kwenye damu. Wenzake walikuwa kati ya 84 na 88, na mwalimu wa Iten alikuwa 90. Dada alifanya jambo zuri ambalo wengi hawalijui: alimpashia kijana vidole moto kwanza, kwa sababu kidole chenye baridi hutoa kipimo cha uongo. Hata hivyo nasisitiza kwamba nambari hiyo peke yake haiamui kitu. Kwenye mwinuko ule mtu mwenye afya anaweza kusoma chini na asiumwe, na mwingine akasoma vizuri huku anaumwa. Kinachoamua ni dalili.

Na dalili zina utaratibu. Vigezo vinavyotumiwa na madaktari wa milimani, vinavyoitwa vya Lake Louise, vilirekebishwa mwaka 2018 na sasa vinaangalia mambo manne: maumivu ya kichwa, tumbo (kukosa hamu ya kula, kichefuchefu, kutapika), uchovu, na kizunguzungu. Kila moja hupewa alama kuanzia 0 hadi 3. Mtu aliyepanda karibuni, akiwa na maumivu ya kichwa na jumla ya alama 3 au zaidi, ana ugonjwa wa mwinuko. Kijana wetu, kwa hesabu yangu kutokana na maelezo yao, alikuwa na si chini ya 6 usiku ule.

Sasa nizungumzie malaria, kwa sababu hapa ndipo mtu wa Kisumu anapoweza kufa kwa dhana ya kawaida kabisa. Sisi tumekulia kando ya ziwa. Mtu akiumwa kichwa, akatapika, akakosa nguvu, kila mama mtaani ameshajua ni nini. Usiku ule mmoja wa kundi alitoa tembe za malaria kwenye mkoba wake na kumshauri kijana aanze dozi. Muuguzi alikataa, na nilifurahi sana kusikia hivyo. Hakusema haiwezekani kuwa malaria; mtu anaweza kutoka Kisumu na vijidudu tayari mwilini. Hoja yake ilikuwa kwamba malaria inaweza kusubiri kipimo chini mlimani, lakini ugonjwa wa mwinuko hausubiri. Ukiwa juu ya mita 2,500 na mtu ameanza kuumwa kichwa baada ya kupanda, uchukulie kuwa ni mwinuko mpaka ithibitike vinginevyo. Ukikosea, utakuwa umemshusha mgonjwa wa malaria karibu na hospitali. Ukikosea kwa upande mwingine, utakuwa umemwacha mtu na ubongo unaovimba hemani, ukingoja dawa ya malaria ifanye kazi.

Kuna kitu kingine nilichowauliza ambacho hawakukitarajia: jiko la makaa lilikaa wapi usiku? Elgon usiku wa Januari, kwenye mwinuko ule, baridi hukaribia nyuzi sifuri, na kishawishi cha kuingiza jiko hemani ni kikubwa. Moshi usioonekana wa makaa huua, nao huanza vilevile, kichwa na kichefuchefu. Walikuwa wameliacha nje. Dereva alithibitisha, kwa sababu ndiye aliyeota moto huo hadi ulipozima. Basi hilo tukaliondoa.

Swali la kwanza la uamuzi lilikuwa usiku huohuo: washuke au wakae? Mimi na dada muuguzi hatukubaliani hapa. Yeye anaamini walipaswa kushuka saa tano usiku. Mimi naona kukaa kulikuwa sahihi kwa wakati ule. Kijana alikuwa anajibu vizuri, anatembea sawa, hana kikohozi, hahemi akiwa amelala. Huo ni ugonjwa wa mwinuko wa kawaida, na tiba yake ya kwanza ni kutopanda zaidi. Barabara ilikuwa mbovu, tembo hutembea usiku, na gari kuteleza gizani kungeweza kuumiza watu wanane badala ya mmoja. Lakini kukaa kunaruhusiwa kwa masharti. Mtu alale naye hema moja, amwamshe kila baada ya saa mbili, amuulize maswali, amtembeze. Gari ligeuzwe lielekee chini, na dereva ajue anaweza kuamshwa. Muuguzi alifanya yote hayo, pamoja na hilo la gari. Kwa hiyo ingawa anajilaumu, kazi yake ya usiku ule ndiyo iliyofanya uamuzi wa kukaa uwe salama.

Swali la pili lilikuwa alfajiri, na hapa kundi lilipotea. Kijana aliamka, akameza Panadol mbili, akanywa chai bila kula, akasema yuko sawa. Mwenyekiti alimwuliza mbele ya wote, "Ndugu yangu, unaweza?" Akajibu, "Naweza, twende." Mnategemea kijana wa miaka ishirini na kitu ajibu nini, mbele ya wenzake waliochanga pesa za gari na walioomba ruhusa makwao? Swali lile lilikuwa na jibu moja tu. Panadol nayo ilikuwa imefunika dalili ambayo ingemfanya aseme hapana. Hakuna ubaya kumpa mtu dawa ya kichwa milimani, lakini baada ya kuimeza hawezi tena kutumia kichwa chake kama kipimo cha kupona. Kanuni iliyo wazi ni kwamba mwenye dalili hapandi hadi dalili ziishe zenyewe, na kijana alikuwa bado hajagusa chakula.

Kilichowapotosha zaidi, nadhani, ni mwalimu wa Iten. Aliamka na furaha, akala viazi vya jioni, akatangulia njiani. Yeye si mwanariadha. Kwa maneno yake mwenyewe alikuwa hajapanda ngazi nyingi tangu shule zifungwe. Wenzake wakaona: kama yeye yuko sawa, baridi hii tu ndiyo inamsumbua winga wetu. Lakini Iten iko kwenye mita 2,400. Mwalimu yule alikuwa amelala huko usiku baada ya usiku tangu Krismasi. Usiku wa Jumamosi alipanda mita 1,100 kutoka kitanda chake cha mwisho. Kijana alipanda zaidi ya maradufu ya hapo. Walikuwa kwenye hema jirani lakini hawakuwa kwenye safari moja. Kundi lolote linalochanganya watu wa ziwani na watu wa Eldoret au Iten lapaswa kupanga mwendo kwa kumfuata aliyelala chini zaidi jana.

Waliondoka saa kumi na mbili na nusu. Saa tatu walikuwa kwenye mwinuko wa kama mita 4,000 kwa simu ya mwenyekiti, katikati ya lobelia na zile senesio kubwa zenye vigogo vinene, Koitobos ikionekana mbele na juu yake bapa na kuta zake za nguzo za mawe. Kijana alikuwa nyuma kabisa. Mara mbili alikanyaga nje ya njia. Muuguzi akamsimamisha, akamwambia atembee kwa mstari, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine, hatua kumi. Hatua ya tatu aliyumba akashikwa.

Kipimo hicho hakigharimu hata shilingi, na kila kiongozi wa safari anayepeleka watu juu ya mita 3,000 anapaswa kukijua. Mtu mwenye ugonjwa wa mwinuko akianza kuyumba, au kuchanganyikiwa, au kulala kupita kiasi, unahesabu kwamba ubongo umeanza kuvimba. Huu si tena ugonjwa wa kupumzikia. Ukiachwa, unaweza kumfikisha kwenye kuzimia na kifo ndani ya muda mfupi. Kinachookoa ni kushuka mara moja. Oksijeni na dawa ya deksamethasoni husaidia zikiwepo, lakini hazichukui nafasi ya kushuka. Ugonjwa wa mwinuko unaoshika mapafu una ishara nyingine: kuhema hata ukiwa umekaa, kikohozi, kifua kinachokoroma. Huo nao dawa yake ya kwanza ni kushuka.

Hapo ndipo mwenyekiti alipotoa wazo ambalo watu wengi wangelitoa. Kilele kilikuwa kinaonekana. Alimgeukia askari: "Afande, tukimketisha hapa kwenye jiwe na jaketi zetu, tukifika tukirudi, si itakuwa saa moja tu?"

"Hapana, mzee. Ukungu ukishuka hatutaliona hilo jiwe. Na mimi ni mmoja. Siwezi kuwa juu na chini."

Katika kisa chote, jibu hilo ndilo ninaloliheshimu zaidi. Askari hakusema chochote kuhusu ugonjwa. Alizungumzia hesabu: msindikizaji mmoja, gari moja, dereva mmoja. Kundi lenye hayo lina uwezo wa kwenda mahali pamoja tu kwa wakati mmoja. Kwa hiyo waligeuka wote. Wawili walinung'unika hadi kambini, na sioni ubaya wa kunung'unika maadamu miguu inashuka. Saa tano walikuwa kwenye gari. Hawakungoja kufunga mahema. Walimpeleka kijana kwanza, askari akiwa naye, na mwenyekiti na mwingine wakabaki kambini na vitu mpaka gari liliporudi. Hilo la kubaki wawili bila askari silipendi. Mahema yangeachwa hapohapo.

Kushuka mita 300 hadi 1,000 mara nyingi hutosha kubadili hali, na ndivyo ilivyokuwa. Walipofika kwenye mianzi alikuwa anauliza wako wapi. Karibu na lango aliomba chai. Hospitalini Kitale walimpima malaria, hakuwa nayo, wakamlaza usiku mmoja wakimwangalia. Jumanne alikuwa kazini.

Tatizo hili si la Elgon peke yake, wala la watu wetu peke yao. Mwaka 1993 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo kuhusu wageni waliokwenda mikutanoni kwenye miji ya mapumziko ya milima ya Colorado, mwinuko wa kati ya mita 1,900 na 2,950. Robo ya wageni walipata ugonjwa wa mwinuko, na hao hawakupanda mlima wowote, walifika tu na kulala. Hiyo ndiyo miji ambayo wakati wa baridi watu huteleza kwenye theluji, na kiangazi wengine hupandishwa na magari ya kamba hadi karibu na kilele, kisha wakatembea kilomita chache zilizobaki. Huko gari la kamba, huku Landkruza. Damu ya abiria haitofautishi.

Je, wangefanyaje? Wengi hudhani jibu ni kuongeza siku, na mtu mwenye kazi Jumatatu hana siku. Siku tatu ni bora, sibishi. Mwongozo wa kawaida unasema ukishavuka mita 3,000 usiongeze zaidi ya mita 500 kati ya mahali ulipolala jana na utakapolala leo. Lakini hata kwa siku zilezile mbili ratiba ingeweza kupangwa upya. Jumamosi wangelala kwenye mabanda ya Kapkuro, ndani ya hifadhi karibu na lango la Chorlim, kwenye mwinuko wa zaidi kidogo ya mita 2,000. Jumapili wangeamka saa tisa usiku, wakapatana na askari mapema, wakapanda na gari gizani hadi mwisho wa barabara, wakatembea hadi Koitobos na kurudi, wakashuka kabla ya mawingu ya alasiri. Wangekuwa juu ya mita 3,500 kwa saa chache tu mchana. Dalili za ugonjwa huu kwa kawaida huhitaji saa sita hadi kumi na mbili kujitokeza vizuri, na usingizi huzidisha mambo kwa sababu kupumua hupungua. Hatari haiishi, maana kilele bado ni kile kile na mtu bado ametoka ziwani jana. Lakini usiku ule mmoja kwenye mita 3,500, ambao ndio uliomwangusha kijana, ungeondoka.

Kuhusu dawa ya kuzuia, asetazolamaidi, wameniuliza mara kadhaa. Inafanya kazi, na huanzwa siku moja kabla ya kupanda. Haifai kwa kila mtu, hasa wenye mzio mkali wa dawa za salfa, kwa hiyo ni ya kuandikiwa na daktari. Kwa ratiba ya kulala Kapkuro singeiona ya lazima kwa mtu mzima ambaye hajawahi kuugua. Kwa kijana huyu, ambaye sasa ameshaugua mara moja, ningemtuma kwa daktari kabla hajalipa nauli.

Kundi linataka kurudi kabla ya mvua za Machi. Nimeona ratiba mpya: Kapkuro imo. Wamekubaliana pia kwamba swali la asubuhi litaulizwa na dada muuguzi, kwa kila mmoja peke yake pembeni ya gari, kabla ya mtu yeyote kumeza dawa, na kwamba akisema mtu hapandi, basi hapandi, na mwenyekiti hana rufaa. Nimewaomba waongeze gari la pili. Bado wanapiga hesabu ya pesa.